Fisi Aazima Kichwa cha Simba

Sogea, mwenzangu, utege sikio. Uongo nimeuacha mlangoni, nimeingia na utamu mtupu.

Huko jua linakotua, magharibi kabisa mwa Afrika, kuna mto mkubwa unaopinda katikati ya mbuga kama mkono uliokunjwa kiwiko. Katika kiwiko hicho waliishi wanyama, na wanyama hao walikuwa na ngoma yao. Kila mwaka, kabla ya kushika jembe, walivaa vichwa vya mbao vilivyochongwa sura za wanyama, wakajifunika majani kuanzia shingoni hadi miguuni, wakacheza mpaka vumbi likawa wingu. Sharti lilikuwa moja: hakuna aliyevaa kichwa cha jamii yake, na aliyevaa kichwa alilazimika kufanya mambo ya mwenye kichwa. Kiboko alivaa kichwa cha swala akarukaruka mpaka ardhi ikalalamika. Swala alivaa kichwa cha kiboko akakaa chini akipiga miayo. Watazamaji walicheka hadi wakashikana mbavu, maana mbavu zao wenyewe hazikutosha.

Fundi wa vichwa hivyo alikuwa Bi Kigogota. Alikuwa ndege mdogo mwenye kilemba chekundu, na mdomo wake ulikuwa tezo, patasi na nyundo kwa wakati mmoja. Kutwa alikuwa juu ya gogo la msufi, ko-ko-ko-ko, vibanzi vikiruka. Ukimsalimia akiwa kazini hakuitika. "Nisemeshe nikipumzika," alizoea kusema, na kupumzika hakupumzika.

Mwaka mmoja mvua haikuja. Mto ulikonda ukawa kijito, kijito kikawa mchirizi, mchirizi ukawa hadithi. Likabaki dimbwi moja tu chini ya mwamba, limezungukwa na matete mabichi, na wanyama wote walikunywa hapo kwa zamu. Msimamizi wa foleni alikuwa Kobe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanikiwa kumharakisha.

Ngoma ilikaribia, na nyuso zilikuwa zimenuna. Bi Kigogota akawaza, "Hawa mwaka huu wanahitaji kicheko kikubwa kuliko vyote." Basi akachonga kichwa ambacho hakuna fundi aliyethubutu kukichonga tangu ngoma ianze: kichwa cha Simba. Alikifanya kikubwa mara mbili ya kichwa cha Simba mwenyewe. Alikitia manyoya ya katani, meno ya mifupa ya samaki, na taya lililofunguka na kujifunga kwa kuvuta kamba. Alikisugua kwa majani ya msasa, akakipaka mafuta mpaka kikang'aa. Kisha akarudi nyuma matawi matatu ili akitazame vizuri, akaiogopa kazi yake mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Chini ya mti alikuwa amesimama Fisi, mdomo wazi, udenda unamtiririka.

"Hodi, shemeji!" akaita Fisi.

"Karibu. Tangu lini mimi nikawa shemeji yako?"

"Tangu leo asubuhi. Nimeamka nikasema, haiwezekani mtu mwenye mikono hodari hivi asiwe ndugu yangu."

"Mimi sina mikono, Bwana Fisi."

"Ndiyo maana nakustaajabia!"

Bi Kigogota akajikuta anatabasamu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Fisi akaketi, akaugua kama mgonjwa. "Shemeji, kila mwaka kwenye ngoma mnanivika kichwa cha bata. Mwaka wa kwanza bata, wa pili bata, wa tatu bata mzinga. Na mimi nina moyo. Niazime hicho nifanye mazoezi, siku moja tu. Jua likizama nimekirudisha."

"Kichwa hakitoki nje ya ngoma. Ndiyo desturi."

"Sawa," Fisi akasema, akainuka kuondoka, kisha akageuka kana kwamba amekumbuka jambo. "Ila sijui utajuaje kama hilo taya linacheza vizuri. Siku ya ngoma likikwama mbele ya watu, aibu itakuwa ya nani? Ya Fisi? Fisi amezoea aibu."

Neno hilo lilimchoma Bi Kigogota mahali penyewe. Kwa kweli alitamani mno kuliona taya lile likicheza juu ya mabega ya mtu. Akatazama huku, akatazama kule.

"Jua likizama," akasema.

"Kabla halijazama!" Fisi akajibu, na alikuwa ameshakibeba.

Jua likazama. Fisi hakuonekana.

Asubuhi kelele zilisikika kutoka dimbwini. Bi Kigogota akaruka mbio, akatua juu ya mwamba. Mbele ya maji alisimama simba ambaye hajapata kuonekana. Kichwa kilikuwa kama mzinga wa nyuki, manyoya yanapepea, taya linafunguka na kujifunga, kwa! kwa! kwa! Toka shingoni hadi ardhini alikuwa amejifunika joho zito la matete mabichi, kijani kibichi kabisa, yale yale yaliyokuwa yameota ukingoni mwa dimbwi. Ukingo wenyewe sasa ulikuwa mtupu kama kichwa cha kipara.

"Mimi ni Simba Mkuu!" ikanguruma sauti kutoka ndani ya kile kichwa cha mbao kilichokombwa, ikivuma kama mtungi. "Babu yake huyo Simba mnayemjua! Dimbwi hili ni langu. Mwenye kiu alete chakula kwanza!"

"Shikamoo, Babu," akasema Kobe. "Karibu sana. Foleni inaanzia kule nyuma."

"Foleni ni ya wasio na manyoya shingoni!"

Ngiri alipiga magoti. Swala walirudi nyuma, wakakanyagana. Hata Kiboko, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, aliomba radhi bila kujua kosa lake.

Na Bi Kigogota? Siri hii ilimuumiza hata baadaye, lakini ni kweli: kwa kitambo kidogo moyo wake uliruka kwa furaha. "Tazama wanavyotetemeka! Na taya halikwami!" Kisha akamwona Kobe akisukumwa kando kwa teke, miguu juu, na furaha ile ikaisha hapo hapo.

Mchana, wanyama walipotawanyika kwenda kutafuta chakula, alimfuata Fisi. Alimkuta peke yake, anakula. Kula kwenyewe kulikuwa kazi, maana ilimbidi avute kamba, taya lifunguke, atupe mfupa ndani, kisha autafute kwa mdomo wake humo gizani.

"Nirudishie kichwa changu," akasema Bi Kigogota.

"Kichwa gani? Hiki nimezaliwa nacho."

"Bwana Fisi!"

"Shemeji, sikiliza." Taya likajifunga, kwa! "Nani amekichonga? Wewe. Nani amekitoa nje ya ngoma? Wewe. Ukifungua mdomo wako, na mimi nitafungua wangu. Nitawaambia tulipatana tugawane vinono. Watamwamini nani? Mimi wananijua ni mlafi, hawatashangaa. Wewe ndiye utakayewashangaza."

Bi Kigogota alirudi kwenye gogo lake. Alijaribu kufanya kazi ili asahau, lakini kila alipogonga alisikia kwa! kwa! kwa! Siku ya tatu akamwona Paa akitoka dimbwini na mwanawe. Paa alikuwa amepeleka konzi ya kuyu kavu, akiba yake ya mwisho. Simba Mkuu alizimeza, akasema hazitoshi. Mtoto alikuwa analia, ila machozi hayakutoka. Hayakuwa na mahali pa kutoka.

Bi Kigogota hakugonga tena siku hiyo. Aliruka moja kwa moja hadi kwenye kichaka cha Sungura.

Sungura alikuwa amelala chali, miguu juu, anahesabu mawingu ambayo hayakuwepo. Bi Kigogota alimweleza yote, hakuficha hata lile la moyo kuruka. Sungura alisikiliza mpaka mwisho. Halafu mdomo ukamcheza, mashavu yakamvimba, akapasuka kwa kicheko, akabingirika ndani ya kichaka na kutokea upande wa pili.

"Bata mzinga!" akasema, akifuta macho. "Bi Kigogota, dada yangu, una hatia."

"Najua."

"Lakini una bahati. Wapo wenye hatia wasio na Sungura. Niambie, hilo joho ni la matete mabichi?"

"Mabichi kabisa. Ameyakata yote ukingoni."

"Na majani mengine mabichi yako wapi katika mbuga hii?"

Bi Kigogota akafikiri. "Hakuna."

"Hakuna," Sungura akarudia, akilamba midomo. "Ulafi wa yule bwana unanifurahisha. Angejifunika makuti makavu, tungekufa kwa kiu. Sasa unaweza kugonga mbao bila kuacha kwa muda gani?"

"Kutwa."

"Na unaweza kuwa na ujasiri kwa muda gani?"

"Sijawahi kupima," akasema Bi Kigogota.

"Utapima kesho. Mimi nitataka funda la kwanza la maji. Twende kwanza kwa Simba."

Simba alikuwa juu ya jabali lake, ulimi umekauka kama gome la mti. Siku tatu hakuwa amekunywa. Habari za dimbwini alizisikia, lakini Simba na kiburi chake! Kupanga foleni hawezi, kuomba hawezi, na kwenda kupigana na mtu anayesemekana ni babu yake, wanyama wangesemaje? Basi alikaa pale juu akitazama mbali, anakufa kwa heshima.

"Shikamoo, mzee wa mbuga," akasema Sungura, akiinama mpaka masikio yakagusa jiwe. "Naona umekataa kuja kwenye sherehe yako."

"Sherehe gani?"

"Kule dimbwini wanausifu uso wako."

"Uso wangu uko hapa."

"Ndilo nililowaambia! Wakasema wa kule ni mzuri zaidi."

Simba akasimama. Aliyumba kidogo kwa kiu, akajifanya ananyoosha mgongo. "Mzuri zaidi kwa kipi?"

"Sijui, mzee. Nasikia pua."

"Pua yangu ina nini?"

"Haina neno kabisa. Mimi nasikia tu."

Simba akaigusa pua yake kwa siri. "Kesho jua likiwa utosini nitapita pale," akasema. "Nitapita tu. Sitakuja kunywa. Nikipita nikakuta maji yapo, hayo ni mambo ya maji."

Kesho yake Fisi aliketi juu ya kisiki kando ya dimbwi, mbele yake lundo la vyakula: mifupa, karanga, samaki wakavu, masega ya asali. Nyuma yake palikuwa na mwamba na njia nyembamba. Wanyama walikuwa wamekusanyika mbele, wameyakodolea maji macho.

Bi Kigogota aliruka kutoka juu ya mwamba. Moyo ulimdunda kuliko mdomo wake ulivyowahi kugonga. Akatua juu ya kichwa cha msufi, akainama kwenye sikio la mbao, akanong'ona:

"Usisogee!"

"Unataka nini, we kinyangarika?" Fisi akanong'ona kutoka ndani.

"Bungua."

"Bungua ndiye nani?"

"Mdudu wa mbao. Ameingia. Namsikia anatafuna kutoka humu sikioni kuelekea usoni. Ukitikisika hata kidogo, kichwa kitapasuka vipande viwili, na watu wote wataona kilichomo."

Sauti ndogo ikatoka ndani, "Mtoe, shemeji. Mtoe haraka!"

"Nitagonga mpaka nimfikie. Kutakuwa na kelele. Wewe kaa kama jiwe."

Akaanza kugonga. Ko-ko-ko-ko-ko! Kichwa kile kilichokombwa kilivuma kama ngoma kuu, na masikio ya Fisi yalikuwa katikati ya ngoma. Hata mlima ungeanguka, asingeusikia. Sungura naye akaruka mbele ya umati, akapiga makofi, akaanza kuimba, na wanyama wakaitikia, kwanza kwa woga, halafu kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu:

"Simba Mkuu, mbele unatisha!"

"Mbele unatisha!"

"Simba Mkuu, kati unatisha!"

"Kati unatisha!"

"Na nyuma je?"

"Nyuma tutaona!"

Huko nyuma, kwenye ile njia nyembamba, alikuwa anakuja Paa. Sungura alikuwa amemweleza la kufanya, naye alikuwa amekubali. Alifumba macho, akanyoosha shingo, akauma jani moja la joho.

Lilikuwa bichi. Lilikuwa tamu. Lilikuwa na maji ndani! Paa akafumbua macho. Akauma la pili. La tatu akalivuta kwa meno. Kufikia la kumi alikuwa amesahau kabisa ni nani aliyelivaa. Akamwita mwanawe. Mwanawe akaja, na nyuma yake wakaja Swala wawili, na nyuma yao Pongo, na nyuma ya Pongo Ngiri, ambaye kwa kawaida hali matete ila siku hiyo hakutaka kuonekana mchaguzi. Wakaanza kusukumana. Basi Kobe akatokea, akajikohoza.

"Mmoja mmoja," akasema kwa sauti ya chini. "Anayesukuma anarudi mwisho. Uma mara mbili, kisha umpishe mwenzako."

Bi Kigogota, kutoka juu, aliona yote: foleni ndefu iliyonyooka nyuma ya Simba Mkuu, kila mtu anasubiri zamu yake kwa adabu, na joho linapungua. Kicheko kilimpanda kooni. Akagonga kwa nguvu zaidi ili akimeze.

"Shemeji," Fisi akanong'ona, Bi Kigogota alipotua kuvuta pumzi, "nahisi upepo."

"Upepo gani?"

"Wa nyuma."

"Ni bungua. Anatafuta pa kutokea."

"Anatokea huko?"

"Usisogee!"

"Na nyuma je?" Sungura aliimba.

"Nyuma tutaona!" wakaitika, na waliokuwa mbele wakaanza kunyoosha shingo, maana kulikuwa na harufu ya kicheko hewani na hawakujua kinatoka wapi.

Ghafla wimbo ukakatika. Simba amefika.

Alikuja polepole, kichwa juu, kama mtu anayepita tu. Umati ukafunguka. Akasimama uso kwa uso na kichwa cha msufi. Bi Kigogota aliacha kugonga.

"Hm," akasema Simba. Akasogea karibu. Sauti ikamlainika. "Uso huu nimeuona wapi?"

"Majini, mzee," akasema Sungura, "kila ulipoinama kunywa."

"Pua nzuri," akasema Simba. "Nzuri sana. Lazima nikiri." Akaanza kuzunguka taratibu, akikagua kama mnunuzi sokoni. "Nyusi, sawa. Masikio, sawa. Manyoya... ah, manyoya! Shingo, sawa. Bega limeinama kidogo, uzee huo. Mgongo..."

Akasimama. Alikuwa amefika nyuma.

Huko nyuma hapakuwa na jani hata moja. Paa alikuwa amesimama pale, tete la mwisho likining'inia mdomoni. Na juani, mbele ya macho ya mbuga nzima, yalikuwa yamekaa makalio ya Fisi, madoadoa yake yote, na kimkia chake kifupi kikitetemeka.

"Haya madoa," Simba akauliza polepole, "ni ya nani?"

Fisi, aliyekuwa amekaa kama jiwe kwa kumwogopa bungua, alishikwa na hofu, na Fisi akishikwa na hofu hufanya jambo moja tu, hata umpige hawezi kulizuia. Alicheka. Hii-hii-hiiii! Kicheko kilijaa ndani ya kile kichwa cha mbao, kikatoka kwenye taya, puani, masikioni, kikiwa kikubwa mara saba.

"FISI!" ikapiga kelele mbuga.

"Uso wangu!" akanguruma Simba. Matete hayakumuuma, wala vyakula. "Uso wangu juu ya makalio yale!"

Fisi akaruka kutoka kisikini. Lakini kwa kuruka huko kichwa kilimgeukia, macho ya mbao yakatazama mgongoni, naye hakuona anakokwenda. Alimkimbilia Simba badala ya kumkimbia. Akageuka, akajigonga mwambani. Akageuka tena, akaikanyaga kamba ya taya, na kila hatua taya likafunguka na kujifunga, kwa! kwa! kwa! kama linajitangazia lenyewe. Kiboko alicheka akaketi ndani ya maji, na alipoketi dimbwi likafurika miguuni mwa watu. Mwishowe Fisi alijikwaa kwenye lundo la vyakula vyake, akapinduka mzima mzima, na kichwa kikamchomoka, pwaa! kikabingirika hadi miguuni mwa Simba.

Fisi alipojiona mtupu mbele na nyuma, hakusubiri kuulizwa. Vumbi lake lilionekana likienda mpaka upeo wa macho.

Simba hakumfuata. Alikuwa anatazamana na kichwa cha msufi, pua kwa pua. "Nani amekifanya?" akauliza.

Bi Kigogota alishuka chini, akasimama juu ya mchanga mbele yao wote, mdogo kama kibanzi.

"Mimi," akasema. "Nimekichonga mimi, nikikuchungulia ulipokuwa umelala. Na mimi ndiye niliyemwazima Fisi. Nilitaka kuona taya likicheza. Kiu yenu ya siku zote hizi imetoka mkononi... imetoka mdomoni mwangu. Nihukumuni."

Ndipo Paa, akiwa bado anatafuna, akasema:

"Mimi naomba kesho umwazime tena. Mara hii mwambie ajifunike na majani ya maharage."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha ndege kwenye miti ya mbali. Ngiri alilala chini. Swala walishikana mbavu. Bi Kigogota alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujua lipi lilianza. Hata Simba alitoa sauti fulani, ingawa baadaye alidai alikuwa anakohoa.

Maji yakanywewa. Sungura alipata funda la kwanza, kama alivyotaka. Mtoto wa Paa alikunywa mpaka tumbo likawa kama kibuyu. Vyakula viligawanywa, kila mtu akachukua vyake na kidogo cha jirani. Simba naye alipita tu, akakuta maji yapo, akapita hapo kwa muda mrefu sana.

Siku mbili baadaye Fisi alirudi, ulimi nje, kiu imemshinda. Alijipenyeza kwenye foleni kati ya Pongo na Ngiri, ameinamisha kichwa chini, anajitahidi kufanana na mtu mwingine yeyote. Zamu yake ikafika.

Kobe alimtazama usoni kwa utulivu. "Maji ni ya wote," akasema. "Lakini sisi nyuso hatuziamini tena. Geuka."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Geuka, Bwana Fisi, tukujue."

Fisi akageuka. Mbuga nzima ikaitazama ile hati yake ya madoadoa, ikatikisa kichwa ikikubali. Basi akarudi kinyumenyume mpaka kwenye maji, hatua kwa hatua, huku wanyama wakimwelekeza, "Kushoto kidogo, Bwana Fisi! Sasa kulia!" Na kutoka juu ya msufi Bi Kigogota, aliyekuwa amepumzika kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimsemesha:

"Karibu maji, shemeji!"

Nguo ya kuazima haisitiri matako.